Tiba ya rangi na mwanga katika mfereji wa mzizi: bakteria wanakufa kwenye kimiminika, mbona ndani ya jino wanabaki?

Mtafiti Mwanagenzi

Wataalamu wa meno, wa vijidudu na wa mwanga, nawasalimu. Naomba mnisaidie katika jambo lililonikwamisha kwa muda mrefu, nami nitajitahidi kulieleza kikamilifu ili asiwepo wa kulazimika kukisia.

Ninachunguza namna ya kuua bakteria wa mfereji wa mzizi kwa kutumia rangi inayoamshwa na mwanga. Bakteria wangu ni Enterococcus faecalis. Rangi ni methilini bluu, mikrogramu 100 kwa kila mililita, ambayo huiacha gizani kwa dakika tano kabla ya kuwasha leza ya nanomita 660 yenye nguvu ya miliwati 100 kwa sekunde 60. Bakteria wakiwa wanaelea kwenye kimiminika, matokeo hunifurahisha, kwa sababu nikipanda sampuli baada ya mwanga sioni koloni hata moja. Lakini nikichukua meno yaliyong'olewa, yenye mzizi mmoja, nikayaambukiza na kuwaacha bakteria wajenge utando wao (tabaka nata wanamoishi pamoja) kwa wiki tatu, kisha nikapanua mfereji kwa faili, yaani kifaa chembamba cha kukwangulia, nikauosha kwa maji ya chumvi na kurudia tiba ileile, sampuli huota tena kana kwamba sikufanya kitu cha maana.

Nilidhani mwanga haukutosha. Nikaongeza muda mara mbili, baadaye nikaongeza na nguvu ya leza, na badiliko pekee nililoliona waziwazi ni kwamba uso wa nje wa mzizi ulianza kupata joto. Nimesimama hapo kwa sababu sitaki kuendelea kuongeza bila kuelewa.

Nianze kurekebisha kipi: rangi, mwanga, au maandalizi ya mfereji? Aidha, kuna matumaini yoyote kwamba siku moja tiba hii itachukua nafasi ya sodiamu haipokloraiti, dawa ya klorini ya kuoshea mfereji, ambayo sote tunajua maumivu inayoleta ikivuka ncha ya mzizi na kuingia kwenye tishu?

Fizikia ya Mwanga

Ndugu mtafiti, umefanya vyema kusimama ulipohisi joto. Jaribio la Eriksson na Albrektsson la mwaka 1983, lililofanywa kwa sungura, lilionyesha kuwa mfupa hudhurika ukifikia nyuzi 47 za selsiasi kwa dakika moja. Kwa kuwa mwili una nyuzi 37 hivi, nafasi uliyo nayo kwenye uso wa mzizi ni nyuzi kumi tu. Kwa hiyo njia ya kuongeza nguvu ina ukuta mbele yake, na kwa maoni yangu tatizo lako haliko huko hata kidogo.

Tukokotoe pamoja. Miliwati 100 kwa sekunde 60 ni jouli 6. Tuchukulie mfereji wako una urefu wa milimita 15 na kipenyo cha wastani cha milimita 0.6. Ukuta wake wa ndani utakuwa na eneo la milimita za mraba 28 hivi, yaani sentimita za mraba 0.28. Mwanga ungeenea sawasawa ukutani, kila sentimita ya mraba ingepata takriban jouli 21, kiasi ambacho si haba. Ila neno lenye uzito hapo ni "sawasawa". Kama uzi wako wa kupitishia mwanga ni ule uliokatwa wazi kwenye ncha, mwanga hutoka mbele kama wa tochi na kuelekea kwenye ncha ya mzizi, huku kuta za pembeni zikiambulia masalio. Unahitaji uzi unaotawanya mwanga pande zote kwa urefu wake, au angalau uuvute uzi polepole kuelekea juu wakati leza inawaka. Ninaona mara nyingi ripoti zinazotaja kiasi cha nishati kwa kugawanya jouli kwa eneo la ncha ya uzi wenyewe. Kwa uzi wa kipenyo cha mikromita 200, jouli zako 6 zingesomeka kuwa zaidi ya 19,000 kwa sentimita ya mraba. Namba hiyo haina uhusiano wowote na kile bakteria wa ukutani anachokipata, na ndiyo sababu majaribio mawili yanayodai kutumia "kiasi kilekile" huenda hayafanani kabisa.

Jambo la pili ni kivuli cha rangi yenyewe. Methilini bluu hunyonya mwanga wa nanomita 664 kwa nguvu kubwa mno. Kwa mikrogramu 100 kwa mililita, kama mfereji umejaa rangi na uzi umekaa katikati, basi mwanga unaosafiri milimita 0.3 hadi ukutani utakuwa umepungua na kubaki kiasi cha moja ya tano, kwa makadirio yangu. Kwa nusu ya kiwango hicho ungebaki karibu nusu. Maana yake ni kwamba rangi inayoelea katikati ya mfereji inakula mwanga ambao ulikusudiwa rangi iliyokwisha kushikamana na bakteria. Baada ya dakika zako tano, nyonya rangi iliyozidi na kuweka maji safi kabla ya kuwasha leza. Hatua hiyo haigharimu chochote, na ningeifanya kabla ya nyingine zote.

La tatu ndilo ninaloliona kuwa kiini cha suala lako. Tiba hii inahitaji vitu vitatu vikutane mahali pamoja kwa wakati mmoja: rangi, mwanga na oksijeni. Katika kimiminika chako vyote vilikuwapo kwa wingi. Sasa angalia mfereji: ujazo wake ni mikrolita 4 hivi, na maji yaliyokaa hewani hubeba takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita. Hiyo ni nanomoli moja tu ya oksijeni kwa mfereji mzima. Jouli 6 za mwanga wa nanomita 660, kwa upande mwingine, ni mikromoli 33 za fotoni. Umepeleka fotoni mara elfu thelathini kuliko molekuli za oksijeni zilizokuwa zikizisubiri. Ni kweli kwamba oksijeni iliyoamshwa ikirudi katika hali yake bila kugusana na kitu inaweza kuamshwa tena, lakini kila inayofanikiwa kuunguza kitu imetumika na haipo tena, na ndani ya utando wa bakteria vitu vya kuunguzwa havikosekani. Ukiongeza muda wa leza bila kuongeza oksijeni, unamwagia mwanga mahali pasipo na cha kuamshwa.

Jaribu kuwasha kwa vipindi: sekunde 20, kisha uzime, uvuruge maji kwa mtetemo au uyabadilishe, kisha uwashe tena.

Daktari wa Mizizi

Nitalijibu swali la mwisho kwanza, kwa kuwa linagusa wagonjwa. Hapana, sioni tiba hii ikichukua nafasi ya haipokloraiti, na ningependa uondoe matumaini hayo ili kazi yako isonge mbele. Haipokloraiti haiui tu. Huyeyusha tishu zilizokufa na kuvunja utando. Mwanga hauyeyushi kitu. Mabaki ya massa ya jino, yaani tishu laini za ndani yake, yakibaki kwenye kona ya mfereji, yatanyonya rangi yako, yatazuia mwanga wako, na baadaye yatakuwa chakula cha bakteria wachache waliosalia. Mahali panapoifaa tiba ya mwanga ni baada ya usafishaji mzuri, kama hatua ya kuwafuata waliojificha.

Ndiyo maana maandalizi yako yananitia shaka kuliko leza yako. Umepanua mfereji kwa faili kisha ukaosha kwa maji ya chumvi peke yake. Faili ikikwangua ukuta huacha tabaka la unga wa dentini (sehemu ngumu ya jino inayouzunguka mfereji) uliochanganyika na mabaki, na tabaka hilo huziba midomo ya mirija myembamba inayopenya dentini. Tukumbuke kwamba karibu na massa kila mrija una kipenyo cha mikromita 2.5 hivi, na bakteria wako ana mikromita moja au pungufu, kwa hiyo aliingia humo bila shida katika wiki zako tatu. Wewe ukaja ukamfungia mlango kwa unga, halafu ukamtumia rangi kutoka nje. Osha kwa EDTA, kemikali ya kuondoa tabaka hilo, ya asilimia 17 kwa dakika moja ili mirija ifunguke.

Mpangilio ninaoufuata mimi ni huu: haipokloraiti wakati wote wa kupanua, kisha EDTA, kisha maji safi kwa wingi, kisha rangi. Usiyadharau maji hayo ya katikati. Klorini iliyobaki huoksidisha methilini bluu na kuifanya ififie kabla haijafanya kazi, nawe utabaki ukijiuliza kwa nini mwanga haukusaidia. Baada ya leza hurudi kwenye haipokloraiti kwa muda mfupi, safari hii kwa makusudi ya kuiondoa rangi, kwa sababu rangi ya buluu iliyoachwa kwenye taji la jino la mbele humsononesha mgonjwa kila anapojitazama kwenye kioo. Nilimtibu mgonjwa mmoja zamani ambaye sikumwosha vya kutosha, na mpaka leo najutia jino lile.

Mtafiti Mwanagenzi

Nawashukuru sana nyote wawili. Nakiri kwamba uzi wangu ni wa ncha wazi, kwamba sikuinyonya rangi iliyozidi, na kwamba EDTA sikuitumia kwa sababu nilitaka kuepuka kemikali nyingine zisichanganye matokeo. Hapo ndipo ninapopata ugumu na ushauri wa daktari: nikisafisha kwa haipokloraiti kwanza, nikapata sampuli isiyoota, nitajuaje kama aliyeua ni mwanga au ni haipokloraiti?

Pia nimesikia juu ya kuongeza potasiamu ayodaidi kwenye rangi. Je, ina msingi wa kisayansi, au ni mtindo unaopita?

Mkemia wa Rangi

Ina msingi, nami nitaueleza, ila niruhusu nianze na rangi yenyewe kwa sababu swali lako la kwanza liliuliza juu yake.

Oksijeni iliyoamshwa, tunayoiita oksijeni singileti, huishi ndani ya maji kwa mikrosekunde tatu au nne tu. Katika muda huo haisafiri zaidi ya nanomita mia moja na ushei, ilhali bakteria mmoja ana upana wa nanomita mia kadhaa hadi elfu moja. Kwa hiyo rangi isiyomgusa bakteria, au isiyokuwa jirani yake wa karibu mno, haimfikii. Chaji chanya ya methilini bluu na ya toluidini bluu ndiyo inayozifanya zishikamane na kuta za bakteria, ambazo kwa kawaida huwa na chaji hasi. Kwa bakteria wa Gram-hasi, walio na utando wa nje wa ziada, chaji hiyo ni sharti hasa, kwa kuwa rangi zisizo nayo hukwama nje.

Tatizo la methilini bluu ni kwamba inapokuwa nyingi, au inapokutana na utando wa bakteria wenye chaji hasi, molekuli zake huungana mbili mbili. Zikiungana, kilele cha kunyonya mwanga huhama kutoka nanomita 664 kuelekea 610, na uwezo wake wa kuzalisha oksijeni singileti hushuka. Hii ni sababu nyingine ya kupunguza kiwango chako. Kundi la Anil Kishen, mtafiti wa tiba ya mizizi ya meno, lilijaribu kuyeyusha rangi katika mchanganyiko wa gliseroli, ethanoli na maji badala ya maji matupu, ili molekuli zisiungane na ili rangi ipenye zaidi kwenye dentini, na wakaongeza kimiminika cha aina ya perfluorokaboni kinachobeba oksijeni nyingi kuliko maji. Utaona kwamba hilo linajibu moja kwa moja hesabu ya oksijeni aliyoitoa mwenzetu hapo juu. Kundi hilohilo limejaribu pia vizuizi vya pampu za bakteria, kwa kuwa methilini bluu ni miongoni mwa vitu ambavyo bakteria huweza kuvisukuma nje ya chembe, na limeunganisha rangi ya rozi bengali na kaitosani ili ile yenye chaji hasi ibebwe na hii yenye chaji chanya. Rozi bengali huhitaji mwanga wa kijani, nanomita 550 hivi, kwa hiyo leza yako haitaifaa.

Sasa ayodaidi. Oksijeni singileti ikikutana na ayodaidi huzaa peroksaidi ya hidrojeni na ayodini huru, pamoja na viini vingine vya ayodini vya muda mfupi. Ayodini huru haina umri wa mikrosekunde. Inabaki kwenye kimiminika na kuendelea kuua hata baada ya leza kuzimwa. Kwa mrija wa dentini ambao mwanga unafika kwa shida, faida yake inaonekana wazi: mwanga unaweza kufanya kazi yake kwenye mfereji mkuu, na mazao yake yakasafiri yenyewe hadi ndani. Ninaiona kuwa hatua yenye matumaini kuliko kutafuta rangi mpya kila mwaka, na nisingesita kuijaribu.

Daktari wa Mizizi

Mimi ningesita kidogo, angalau kwa wagonjwa. Mara ayodini inapokuwa ndiyo inayoua, tumekwisha kuondoka kwenye tiba ambayo sifa yake kubwa ilikuwa kutoacha chochote kinachoendelea kuunguza baada ya mwanga kuzimwa. Wapo wagonjwa wasiovumilia ayodini, na ayodini nayo hutia rangi dentini. Ayodini ya kawaida imekuwapo katika tiba ya mizizi tangu zamani. Mtafiti wetu akitumia ayodaidi, ni haki aonyeshe kwamba njia yake inaishinda ayodini iliyomiminwa tu kutoka kwenye chupa, bila leza.

Mkemia wa Rangi

Nakubaliana nawe juu ya kipimo hicho, daktari, na kiongezwe kwenye jaribio. Tofauti ninayoiona ni kwamba ayodini ya chupa huanza kuliwa na tishu na dentini mara inapomiminwa, ilhali hii huzaliwa palepale kwenye rangi iliyoshikamana na bakteria. Lakini ni hoja ya kupimwa, wala si ya kubishaniwa hapa.

Darubini

Nilikuwa nasoma kimya, ila swali la "nitajuaje" halijajibiwa, nami naona ndilo linalobeba mengine yote.

Haipokloraiti huzimwa kwa sodiamu thiosulfeti. Baada ya kusafisha, izime, osha, chukua sampuli ya kwanza. Kisha fanya tiba ya mwanga na uchukue ya pili. Tofauti kati ya sampuli hizo mbili, ikilinganishwa na meno yaliyopata rangi bila mwanga, mwanga bila rangi, na yaliyokosa vyote viwili, ndiyo mchango wa tiba yako. Kundi la rangi bila mwanga usiliache kwa namna yoyote, maana methilini bluu peke yake gizani ina sumu kiasi kwa bakteria, na kazi nyingi zimeusifu mwanga kwa kilichofanywa na rangi.

Halafu ujiulize sampuli yako inatoka wapi. Kijiti cha karatasi hunyonya kilichomo kwenye mfereji mkuu; aliyeko kwenye mrija hakigusi. Inawezekana basi kijiti kitoke kisafi na jino likawa limejaa bakteria hai. Pasua mzizi kwa urefu, utie rangi za kutofautisha chembe hai na zilizokufa, uutazame kwa darubini ya leza, na upime kina ambacho mauaji yamefikia kuanzia ukutani. Au kwangua dentini kwa tabaka na kupanda unga wa kila tabaka peke yake. Kina hicho, kwa mikromita, ndicho ningekitaka kwenye jedwali lako la kwanza.

Kuhusu kuripoti, epuka asilimia. "Asilimia 99" husikika kama ushindi, kumbe ni kushuka kwa hatua mbili tu za kumi: kwenye mfereji wenye bakteria milioni kumi, laki moja wamebaki. Ripoti idadi iliyosalia.

Na ukimaliza na Enterococcus faecalis, usiishie hapo. Huyu ni maarufu zaidi kwenye meno yaliyokwisha kutibiwa yakashindikana. Kwenye maambukizi ya mara ya kwanza wanaotawala ni bakteria wasiopenda oksijeni, wengi wao wa Gram-hasi, wakiishi pamoja kwenye utando mmoja. Kiwango cha rangi ulichokipata kwa mmoja hakitakuwa lazima kiwafae hao.

Mtafiti Mwanagenzi

Nimeelewa kwamba nilikuwa nikirekebisha kitu kimoja ambacho hakikuwa na kasoro. Nitaanza na meno yaliyosafishwa kwa haipokloraiti na EDTA, thiosulfeti na maji mengi, kisha rangi kwa nusu ya kiwango cha zamani, kuinyonya iliyozidi, na uzi unaotawanya mwanga pande zote, nguvu ikibaki miliwati 100. Kundi moja litapata mwanga mfululizo, jingine vipindi vitatu vya sekunde 20 huku maji yakivurugwa katikati. Kipimo kikuu kitakuwa kina cha mauaji kwenye mirija, na makundi ya kulinganisha yatakuwa yote aliyoyataja Darubini. Ayodaidi nitaiweka kwenye awamu ya pili, pamoja na kundi la ayodini ya kawaida kama alivyotaka daktari.

Nina swali moja dogo kwa Mkemia: kwa kuwa sasa mirija itakuwa wazi, je, dakika tano za kusubiri gizani bado zinatosha rangi kuingia, au niongeze?

Mkemia wa Rangi

Dakika tano ziliwekwa kwa ajili ya mfereji, na hakuna aliyezipima kwenye mrija wako. Andaa meno machache ya ziada, uyaache gizani kwa dakika moja, tano, kumi na ishirini, uyapasue na kupima kwa darubini kina cha buluu kwenye dentini kabla hujawasha leza hata mara moja. Mahali rangi inapoishia ndipo mwanga wako utakapoishia nao, hata ukiwa na leza bora kiasi gani, kwa hiyo kipimo hicho kitangulie vingine vyote.